Salamu za Bi Mwatime

Saumu alikuwa amemleta mama yake kuomba posho. Karani wa ofisi ya ustawi alimkaribisha Bi Mwatime kitini, naye akamjibu kwa salamu ndefu: mke hajambo, watoto je, na kazi inaendaje? Karani akacheka, akaweka kalamu chini.

"Dada, mama yako mzima kabisa. Posho hii ni ya waliopoteza kumbukumbu."

Kulikuwa na swali ambalo siku zote Saumu alikuwa akiliogopa. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mama yake mkono.

"Mama, mimi nani?"

Bi Mwatime akaitengeneza kanga yake, akatabasamu kwa adabu.

"Hujambo, binti? Ukifika kwenu, nisalimie mama yako."

Karani akaichukua kalamu polepole.

"Zimefika," akasema Saumu, mkono hakuuachia.