Kompyuta Bila Darwesh

Darwesh alikwisha kuvaa kiatu kimoja pale Bi Ashatu, somo aliyemfunda bibi arusi, alipokuja kukikalia kizingiti cha mlango na ungo wake wa mchele.

"Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba. Wenda wapi?"

"Dar mara moja tu. Kazini. Jioni nimerudi."

"Vua kiatu."

Ndiyo fungate hiyo. Siku saba bwana arusi hatoki nyumbani kwa mkewe. Kazi yake ni kula, kuoga na kufukiziwa udi. Mwanamume mwingine wa Bagamoyo angemshukuru Mungu. Darwesh alijiona mfungwa, na hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya tatu tu.

Mwaka ule wa 1971 shirika lake kule Dar lilikuwa na kompyuta moja, kubwa kama chumba cha arusi, na Darwesh aliipenda kuliko alivyothubutu kumwambia mkewe, Thuraya. Ufunguo, mpaka alipouacha kwa ajili ya arusi, alikuwa nao yeye, na kila asubuhi aliingia kabla ya watu wote. Lakini mashine ilikuwa na maradhi. Saa nne haijafika, kadi za matundu inazolishwa zimekwama kooni mwake. Darwesh huifungua ubavu, akafuta utandu mweusi ulioganda ndani, ikapona. Kesho yake yale yale. Ijumaa meneja angemtaja mkuu wa chumba cha mashine, na mwenye kustahili cheo yuko hapa, ananenepeshwa kama mbuzi wa Idi.

"Makosa ni ya hao wanaozitengeneza," alimwambia mkewe, amelala chali akitazama boriti. "Wanaunda mashine kwa nchi za theluji, kisha wanatuuzia sisi wa joto. Vipuri hawaleti. Ukiuliza, wanakwambia soma kitabu. Nimekisoma kuliko waliokiandika!"

Thuraya akacheka. "Na bila wewe?"

"Bila mimi imekufa. Saa hizi imekufa, na wenzangu wameizunguka wanaikodolea macho."

"Na huo utandu mweusi watoka wapi?"

"Vumbi la Dar."

Thuraya hakubisha. Alichukua kanzu ya mumewe akaitandaza juu ya moshi wa udi uliokuwa ukifuka chetezoni. "Hata shati lako la kazini lanukia udi. Nilidhani watu wa mashine hunuka grisi."

"Mama ndiye aliyenizoesha. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi hivi hivi, jicho la hasidi likakipata. Niliponunua baiskeli, aliifukiza mpaka tairi."

Ijumaa asubuhi uvumilivu ulimwisha. Alilifungua dirisha la uani, akatia mguu. Thuraya hakumshika. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Ukitoka leo, mji mzima utasema umenikuta na ila."

Darwesh akabaki vile vile, mguu huku na mguu huku. Kisha akarudi ndani. Kilimwuma cheo, ikamwuma na mashine, na siku nzima hakula wali wa watu.

Jumapili, siku ya saba, Msabaha, mwenzake wa kazini, aliteremka kwenye basi la Dar na kikapu mkononi. Bi Ashatu akamkaribisha ukumbini.

Darwesh hakungoja salamu ziishe. "Imekufa?"

"Nani?"

"Kompyuta!"

Msabaha alimtazama kwa huruma. "Ndugu yangu, tangu Jumatatu haijakwama hata mara moja. Ukuu kapewa Rajabu."

Darwesh akakaa chini, pale pale sakafuni. "Rajabu? Hajui hata inafunguliwa wapi! Kaifanya nini?"

"Hakuifanya kitu. Alifagia tu kule nyuma yake." Msabaha akatia mkono kikapuni, akatoa chetezo cha udongo, kimejaa majivu. "Kasema nikurudishie hiki."