Mbegu Zisizo na Mikia

Waogeleaji wangu ni wengi, ila mkia hawana na ng'ambo hawafiki: ni nini? Umeshindwa? Mji nimeuchukua. Ni mbegu za kiume za fundi cherehani huyu, aliyeinamia hadubini ya maabara.

“Mbona zimelala tu?” aliuliza.

“Jeni inayojenga mkia ina hitilafu,” daktari akamwambia. “Umezaliwa nayo, ndugu yangu. Hata ungeoa wake kumi, usingepata mtoto.”

Mkewe alikuwa amekumbatia mkoba. “Na yule marehemu mke wako wa kwanza,” akauliza, “ulimpa talaka kwa kosa gani?”

Fundi hakuinua kichwa. Kioo kiliingia ukungu kwa pumzi zake, naye bado anachungulia.

“Nilimwita mgumba,” akasema. “Mbele ya mama yake.”