Nyota ya Tano

Nyota nne zilikuwa zimeshashonwa kwenye bendera ya nchi rafiki. Ya tano ilikuwa mkononi mwa Bi Rehani, fundi cherehani, naye alikuwa ameacha kukanyaga pedali.

"Mama, mkataba wa ulinzi unasainiwa saa nne," alisema Kapteni Ndimbo mlangoni. "Wageni wameshatua, na mlingoti wao mtupu."

"Mwanangu Yakuti alikwenda kulinda mpaka wao kwa mkataba ule wa kwanza. Mkaniletea sanduku la vitu vyake, bila mwili. Ndani mna buti namba tisa. Mwanangu anavaa saba."

"Nimeshakupa pole, mama."

"Mara tatu. Sikuomba pole. Niliuliza mmemlaza wapi."

"Hayo ni mambo ya wakubwa."

"Basi waje wakubwa washone."

Kapteni alicheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha. "Nitafungwa mimi, mama yangu."

"Wakikufunga, mama yako ataambiwa uko jela gani."

Bi Rehani akachukua wembe, akaanza kuifumua nyota ya nne, uzi mmoja mmoja, bila haraka, kama anayefumua kazi mbovu ya mwanafunzi. Ikaanguka sakafuni. Akahamia ya tatu.

Redio ya kapteni ilimwita. Hakuijibu. Alivuta kigoda, akaketi, akatoa daftari na kalamu.

"Nitajie jina lake kamili."

"Karatasi mmeandika nyingi," alisema Bi Rehani, wembe ukiwa juu ya uzi. "Andika mkononi."

Redio iliita tena. Kapteni alikifungua kiganja chake.