Siafu wa Sura ya Tatu

Mwanafunzi wa uzamili alipitiwa na usingizi kwenye benchi, nje ya ofisi ya msimamizi wa tasnifu yake. Akaota herufi za sura ya tatu zikibanduka karatasini na kushuka ngazi kama siafu, na mama yake akizizoa taratibu kiganjani.

"Mwanangu, hizi zinasema nini?"

Akainama azisome, zikatawanyika.

Karani akamgusa bega, akazinduka. "Dada, profesa ameshaondoka. Jaribu Jumanne ijayo."

Hii ilikuwa Jumanne ya nne akiambiwa hivyo. Akatoa simu, akampigia mama.

"Mama, nakusomea ukurasa mmoja wa sura ya tatu. Usipoelewa, nikatize."

"Haya, soma."

Hakumaliza hata sentensi ya kwanza.

"Hapo hapo," mama akasema.

Akacheka huku machozi yakimlengalenga, akafungua kalamu.