Chuma cha Chini ya Dirisha

Bisibisi ilizama kwenye chuma kama kidole kwenye mkate uliolowa.

Fundi aliichomoa, akaifuta kwenye suruali, akachoma tena shibiri moja pembeni. Ikazama. Chuma kinachobeba nyumba nzima, na bisibisi inaingia bila hata kupiga hodi.

"Kimeoza?" aliuliza mwanamke mwenye gari. Alisimama mlangoni mwa gereji, mkoba begani, kama mtu aliyeambiwa sakafu ina siafu.

"Kidogo."

"Fundi, hiyo kidogo yako naijua."

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo lililogeuzwa nyumba: kitanda nyuma, kabati la nguo la milango miwili, jiko la gesi ubavuni, na dirisha pana la kutazamia dunia ikipita. Kwa nje liling'aa kama bwana harusi. Kumbe maji yalikuwa yakipenya juu ya dirisha, yakiteremka kimyakimya nyuma ya mbao za ukuta na kutuama kwenye fremu, mwaka baada ya mwaka. Nani angejua? Ukuta ulikuwa na rangi nzuri.

"Nilikwambia linavuja," mwanamke alisema.

"Uliniambia."

"Ukapaka silikoni."

"Nikapaka silikoni."

"Juu ya silikoni ya zamani."

Mtu akimkosoa kazi, kwa kawaida fundi huyu humjibu mpaka aombe radhi yule aliyekosoa. Leo aliinama, akajifanya anatafuta spana.

"Jumatatu naanza kazi kule," mwanamke aliendelea. "Jumamosi lazima niondoke, na mtoto atalala humo njia nzima. Nataka ukweli tu. Litafika?"

"Ngoja ning'oe sakafu kwanza. Nitakwambia."

Mwanamke alipotoka, mchomeleaji aliyekuwa kazini pembeni aliinua kinga yake ya uso. Watu walimwita Cheche, si kwa sababu ya kazi yake, bali kwa sababu ya mdomo wake.

"Shati limepigwa pasi," alisema. "La kulalia chini ya gari."

"Mengine yako kwenye begi."

"Na manukato je? Au siku hizi grisi inakuja na harufu ya maua?"

Fundi aliendelea kung'oa misumari. Plaiwudi iliinuka na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Chini yake kutu ilikuwa imevimba tabaka kwa tabaka. Aliigusa, ikamwagikia mikononi kama majani makavu.

Cheche alipiga magoti kando yake. Alitazama, akaguna.

"Mwambie limekufa," alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Nani atabisha? Mimi mwenyewe nitaapa. Neno lako moja tu, na haendi kokote."

Fundi alikuwa ameshaliwaza hilo tangu bisibisi ilipozama mara ya kwanza. Kutu ilimpa uongo mtamu, uongo uliokaribia kuwa kweli.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu anabaki. Unapata muda wa kuongea naye."

"Muda nilikuwa nao, Cheche."

Akavuta waya wa grenda.

Hakuweka kiraka. Alikata chuma kibovu chote mpaka akafika panapong'aa, wakachomelea bomba la mraba nene kuliko la mwanzo. Akasugua maungio kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, ikakauka, akapaka tena. Alitoboa matundu madogo upande wa chini, ili maji yakiingia siku moja yapate pa kutokea. Dirisha alilitoa zima. Silikoni ya zamani aliikwangua kwa wembe, vipande vikimrukia usoni, mpaka kioo na bati vikabaki uchi, ndipo akalirudisha kwa silikoni mpya. Kazi ya namna hiyo hakuwahi kumfanyia mtu.

Ijumaa Cheche alipanda juu ya gari na bomba la maji. Fundi alikaa ndani peke yake, kiganja ukutani, chini ya dirisha.

"Linavuja?" Cheche aliuliza kutoka juu.

Fundi alisogeza kiganja chini kidogo.

"Fundi. Linavuja?"

"Mwaga tena."

Akamwaga tena. Ukuta ulikuwa mkavu kama unga.

"Mwaga tena."

"Unatafuta nini humo, ndugu yangu? Tanki limeisha."

Fundi hakutoka upesi. Alipotoka, alikuwa bado ananyoosha vidole vya mkono ule, kama vimekufa ganzi.

Jumamosi mwanamke aliingia chini ya gari mwenyewe, na gauni lake la safari. Aligonga fremu kwa nyundo, akasikiliza, akagonga mbele zaidi. Chuma kiliitika vizuri kila mahali. Akatoka, akajikung'uta vumbi.

"Litafika?"

Cheche alimtazama fundi. Hata sasa hakujachelewa. Neno moja tu.

"Litafika," fundi alisema. "Leo mtoto asilale upande wa dirisha. Rangi bado ina harufu."

Mwanamke alilitazama dirisha. Kisha akanyoosha mkono. Fundi aliufuta wake kwenye shati lake safi, wakapeana mikono kama watu waliomaliza biashara.

"Asante, fundi."

"Safari njema."

Cheche akaenda kufungua geti, na ghafla kufuli likampa kazi kubwa sana. Msichana mdogo aliyekuwa akingoja nje alipita mbio na mkoba wake mgongoni, akarukia ndani ya gari. Walisikia milango ya kabati ikifunguliwa na kufungwa. Injini ilipowaka, alichomoza kichwa dirishani, uso umekunjamana, akimtazama fundi.

"Baba," alisema, "mbona upande wako wa kabati hauna kitu?"