Karanga za Buku

Palikuwa na Buku, panya aliyekula kila alipoudhika. Tangu agombane na rafiki yake Kindi, alitafuna karanga mchana kutwa, hata mlango wa shimo lake ukaanza kumbana.

Jirani yake Nungunungu akamwambia, "Shoga, kabla hujatia karanga mdomoni, jiulize: anayetaka ni tumbo, au moyo?"

Buku akacheka. Lakini kesho yake, karanga ikiwa mkononi, akajiuliza. Tumbo lilikuwa limeshiba. Kilichomuuma ni wazo moja tu: Kindi ananichukia.

"Nani kakwambia?" akajiuliza tena. Hakuna aliyemwambia.

Akaiweka karanga chini, akaenda kwa Kindi. Akamkuta mashavu yamemvimba kwa kokwa, machozi yanamtiririka.

"Nilidhani hunitaki tena," Kindi akasema.

Wakazungumza hadi jua likatua, wala hakuna aliyekumbuka kula.