Uchaguzi wa Wadi Kabir

"Sauti chini, jamani," alisema Hamdiya, huku akishindilia kitambaa kwenye ufa wa dirisha.

Ilikuwa alasiri, mwaka 1968. Joto la Maskati lilikuwa halisemeki, na ukumbi wake pale Wadi Kabir ulijaa watu na mlango umekomewa. Wote walitoka jimbo moja la Unguja. Wote walikimbia baada ya mapinduzi. Na wote walijua kwamba katika nchi hii, kukusanyika na kuchagua kiongozi ni jambo la kumpeleka mtu kifungoni ngomeni. Juzijuzi jirani yao Thabit alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Mkewe mpaka leo hajui kama yu hai.

Lakini kila mwaka walipiga kura. Mume wa Hamdiya, Harub, alikuwa mjumbe wao kwenye Baraza kule Unguja, na hawakukubali kwamba ujumbe wake umekwisha. Waliokwama Dubai, yeye ndiye aliyewaombea ruhusa ya kuingia. Waliofiwa, aliwazikia. Mpinzani wake, Marhoon, alisimama tu ili uchaguzi uitwe uchaguzi.

Karatasi waliziogopa. Kila mtu alitumbukiza mtungini kokwa ya tende kwa Harub au buni kwa Marhoon. Bakhita, aliyepewa kazi ya kuhesabu, akaumwaga mtungi juu ya sinia. Kokwa tele, na buni mbili.

"Moja yangu," alisema Marhoon. "Hiyo nyengine ya nani?"

Walikuwa wakicheka, viganja midomoni, mlango ulipogongwa.

Suud, aliyekaa karibu na mlango, alichungulia kwenye tundu la ufunguo. Alipogeuka, uso ulikuwa umempauka.

"Aflah," alinong'ona. "Askari wa liwali. Yule yule aliyemchukua Thabit."

Bakhita alilifunika sinia kwa kanga yake. Mzee mmoja alianza kuleta shahada. Mlango ukagongwa tena, safari hii kwa kitako cha bunduki.

Hamdiya alimshika mumewe mkono. "Pita uwani, uruke ukuta. Nnakuomba, baba Nasriya."

"Mie niruke, mchukuliwe nyinyi?" Harub alivibandua vidole vyake kimoja kimoja. "Sasa hivi tu mmenichagua."

Akaweka kofia yake sawa, akafungua.

Aflah aliingia, bunduki begani, jasho likimchuruzika. Hakutoa salamu. Alitazama nyuso zote, ya huyu, kisha ya huyu. Askari akaurudisha mlango nyuma yake, akatia komeo. Halafu, taratibu, akavua viatu.

"Nani mkubwa wa shughuli hii?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Mimi," alijibu Harub. "Hawa wageni wangu tu, nimewaalika mwenyewe. Nichukue mimi, uwaache."

Hapo Hamdiya kilio kikamtoka. Aflah akajiwekea kidole mdomoni, kumwashiria anyamaze. Akasogea karibu na Harub, akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza wakamsikia akisema Kiswahili, kizito kidogo, lakini cha Unguja hasa.

"Mama yangu mzaliwa wa jimboni kwenu, maradhi yamemlaza. Kanituma nimpigie kura yake. Nimechelewa?"